Fundi wa Wageni

Jumatatu hiyo, saa nne kasoro asubuhi, mke wa Fundi alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage, mawe kushoto, maharage kulia, pale mumewe aliyezikwa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita alipofungua geti na kuingia na randa kwapani. Geti halikulia. Geti ni la wageni, na Fundi enzi za uhai wake alikuwa akilitia mafuta kila mwezi.

Sanda ameifunga kiunoni kama aproni, udongo umemkaukia viwikoni, na sikioni amechomeka penseli. Penseli ile mkewe aliijua. Ni yeye aliyeichomeka pale siku ya mazishi, wifi yake akimwambia kwamba wafu hawapimi mbao, naye akajibu kwamba huyu hatatulia bila penseli.

"Hujambo, mama," Fundi alisema.

"Sijambo. Umerudi?"

"Napita tu. Nimesikia kuna mgeni."

Akapita. Mke wa Fundi alibaki na punje moja ya maharage kati ya vidole viwili, akaisahau ilikuwa ya upande gani.

Mgeni mwenyewe alikuwa amefika Jumamosi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, katoka mbali, kaletwa na mwenyekiti wa mtaa kuja kujitolea kufundisha watoto kusoma, zamu ya mchana, kwa miezi mitatu. Alivaa kizibao cha kijani chenye maandishi mgongoni, na kwa kuwa hakukivua hata wakati wa kula, watoto walimpachika jina la Dada Kizibao kabla begi lake halijaingia ndani. Alikuwa na adabu zake. Alimsalimia kila mtu mara mbili, mara ya pili akiwa amesahau ya kwanza, na aliomba ruhusa ya kila kitu: pa kuanika taulo, pa kumwaga maji, sufuria kubwa inafunikwa kwa mfuniko huu au ule. Mke wa Fundi alimpenda siku ile ile, jambo ambalo baadaye lilimkera sana.

Chumba alichopewa kilikuwa zamani stoo ya mbao. Hakikuwa na rafu, dirisha halikufunga, na mlango ulishikiliwa na kipande cha kamba. Haikupita robo saa tangu Fundi aingie humo, msichana akatoka mbio kidogo, maranda yamemganda kwenye nywele.

"Mama, fundi anauliza rafu ziwe mbili au tatu."

"Amekuuliza?"

"Ndiyo. Anasema chumba ni changu, niseme mimi."

Mke wa Fundi alimwambia aseme tatu. Kisha akaendelea na maharage yake, lakini mawe mengi yaliingia kwenye sufuria, na mchana ule watu wawili walitafuna kwa uangalifu bila kulalamika.

Ili mtu aelewe kilichomuuma, lazima aujue mlango wa chumbani kwake. Fundi aliutengeneza mwaka waliooana, mbao ngumu nzuri, na mvua za kwanza tu ukavimba. Tangu hapo uligoma chini. Kuufungua kulihitaji mtu aegemeze bega la kulia, ainue kidogo, asukume, na mlango uende ukilia kama mbuzi anayeburutwa. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umechimba kwenye saruji mfereji wa nusu duara, na bega la mke wa Fundi lilikuwa na sugu ya ukubwa wa kifungo cha koti. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Randa mara kumi, kumi na tano, basi. Kila alipomkumbusha, Fundi alijibu, "Kesho." Hakuwa mkali wala mlevi. Alisema kesho kwa upole, huku akichukua sanduku lake la vifaa kwenda kurekebisha madawati ya shule bila malipo, au mabenchi ya zahanati, au mlango wa yeyote aliyehamia mtaani wiki hiyo. Siku ya mazishi kila aliyesimama kusema neno alisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mke wa Fundi alikaa akisikiliza, akijiuliza kama yeye naye ni watu.

Fundi alikuja tena Jumanne. Akaja Jumatano. Alikuja kila siku saa nne, akaondoka kabla ya saa saba, na kila siku kulikuwa na jambo jipya la kumfanya mgeni azoee. Alimtengenezea meza ya kuandalia kadi zake za herufi. Alipoona magoti yake yanagonga meza, akapunguza kiti. Akamchongea kigoda cha kukalia akifua. Alimweleza ni jirani gani asalimiwe kwanza na yupi asikopeshwe kitu, ni njia ipi haijai maji, na kwamba mwalimu mkuu hukasirika saa nane na hutulia saa tisa, kwa hiyo mambo ya kuomba chaki yasubiri. Yote hayo mke wa Fundi aliyasikia kupitia dirisha lililofunga vizuri mno, ikambidi asogeze sikio.

Wivu ulimpanda. Hakujidanganya kuuita jina jingine. Na haukuwa wivu wa kitanda. Laiti ungekuwa huo, angejua pa kushika, maana hakuna mwanamke asiyejua la kumfanya mume mwenye macho ya kuzurura, awe hai awe maiti. Fundi hakumtazama msichana hivyo. Alimtazama kama ubao mzuri unaostahili kupimwa mara mbili. Kijiba cha roho kilichomkaa mke wa Fundi kilikuwa cha rafu tatu, cha kiti kilichopunguzwa, cha swali "ziwe mbili au tatu". Alimwonea msichana wivu kwa sababu aliulizwa.

Siku ya tano alikumbuka kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ingawa alikuwa amechelewa siku mbili, alimkabidhi ufagio. Msichana alifurahi kupewa kazi, akafagia uwanja wote akiimba. Kesho yake Fundi aliutazama ule ufagio, akacheka kwa masikitiko, akautia mpini mrefu wa kumtosha mgeni asije akaumwa mgongo. Msichana alikuwa mrefu. Mke wa Fundi ni mfupi. Kuanzia siku hiyo mpini ulimgonga kidevuni kila alipofagia.

"Kinyozi hajinyoi, wifi yangu," alisema wifi yake, dada wa Fundi, mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye kibaraza cha ng'ambo na aliyeona kila kinachoingia na kutoka. "Kaka yangu namjua tangu anatambaa. Mama alikalia kiti cha miguu mitatu mpaka anakufa, na yeye fundi ndani ya nyumba. Lakini angalia upande wa pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji yupi?" mke wa Fundi aliuliza.

Wifi akakanyaga cherehani.

Habari hazikai mtaani. Wiki ya pili watu walianza kuleta vitu. Hakuna aliyeshangaa kwamba Fundi anakuja. Kilichowashughulisha ni kwamba anakuja kwa ajili ya mgeni tu, na kwamba kazi yake imekuwa nzuri kuliko alipokuwa hai, pengine kwa sababu ya utulivu. Basi kila mwenye stuli inayochechemea aliipeleka kwa Dada Kizibao na kumwomba aseme ni yake. Msichana hakujua kukataa. Saa nne ikifika, Fundi alikuta foleni ya vitu ukutani: stuli kumi na moja, kitanda cha mtoto, mbao ya kupigia pasi, kabati la muuza dawa, dawati ambalo mtu aliliiba shuleni zamani na sasa alitaka kulirudisha likiwa zima. Vyote vya mgeni. Fundi aliamini. Alisema mgeni huyu amehama na vitu vingi, na akavitengeneza kimoja kimoja. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na daftari lake kuuliza kama Fundi ahesabiwe mkazi kwa ajili ya siku ya usafi. Baada ya mazungumzo marefu akamwandika miongoni mwa wanaojitolea.

Mke wa Fundi aliwapangia watu foleni. Aliwapa maji ya kunywa. Mara nyingine Fundi alitoka nje kujinyoosha mgongo, akamwona, akasema neno. Neno lenyewe lilikuwa moja siku zote.

"Mgeni amekula?"

"Amekula."

"Vizuri, mama."

Wiki ya sita mke wa Fundi alipiga moyo konde. Alimwita wifi yake, wakachukua bisibisi, wakaung'oa mlango wa chumbani kwenye bawaba zake. Ulikuwa mzito. Walipokezana, wakaukokota mpaka ukutani na kuusimamisha kwenye foleni, kati ya stuli ya kinyozi na meza ya muuza vocha. Msichana hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Siku nyingi alikuwa ameshausikia mlango ule ukilia, na mara moja alikuwa amemwambia Fundi kwamba mama ana mlango, naye Fundi akajibu kwamba anaujua, kesho.

Saa nne Fundi alianza na stuli ya kinyozi. Mke wa Fundi alisimama nyuma ya pazia, mikono imeshikana. Stuli ikaisha. Fundi akaugeukia mlango.

"Huu nao ni wangu," msichana alisema, na safari hii alitamani sana uongo uwe kweli.

Fundi aliuweka mlango juu ya farasi zake mbili za mbao, zile stendi za kulazia kazi. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa chini, pale ulipolika na kung'aa. Akainama, akaunusa. Akapitisha kidole kwenye fundo la mti lililokuwa karibu na kitasa, fundo lenye umbo la jicho.

"Hapana, mwanangu," alisema kwa upole. "Huu naujua. Niliutengeneza mwenyewe mwaka niliooa. Huu ni wa nyumbani."

"Lakini umevimba, Fundi. Unamuumiza mama bega."

"Najua. Wa nyumbani hauna haraka. Hauendi popote."

Akaubeba peke yake, mlango ambao wanawake wawili waliukokota, akaingia nao ndani na kuurudisha kwenye bawaba zake. Alikaza kila skrubu. Alihakikisha unakaa palepale ulipokuwa, akaujaribu, ukalia, akaridhika. Kisha akarudi kwenye meza ya muuza vocha. Mke wa Fundi alikaa kitandani, upande wa ndani wa mlango, akalia kwa hasira. Msichana aliandika barua kwa mama yake mzazi jioni ile na hakuitaja siku hiyo.

Miezi mitatu haina mwendo. Watoto walijifunza kusoma, baadhi yao, na msichana akajifunza kusalimia mara moja. Siku ya kuondoka alikuwa na zawadi nyingi kuliko begi. Fundi alimbebea begi hadi kituoni, sanda imefuliwa, na watu wa mtaa wakafuata nyuma. Msichana alimkumbatia mke wa Fundi kwa muda mrefu.

"Mama, unisamehe," alisema.

"Wewe hujanikosea kitu, mwanangu," mke wa Fundi alijibu, na lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa zito. Angekuwa amemkosea, angekuwa na wa kumchukia.

Msichana akavua kizibao cha kijani, akamwachia. Kumbukumbu, alisema.

Kesho yake saa nne mke wa Fundi alikaa kibarazani na maharage. Geti halikufunguliwa. Siku ya pili alivaa gauni zuri. Siku ya tatu aliweka chai vikombe viwili, na kikombe cha mumewe kikapoa na utando juu. Zilipita siku tisa. Ukutani zilibaki stuli mbili ambazo hazikuwahi, na wenyewe wakaja kuzichukua kimya kimya. Aligundua kwamba amezoea kuwa na wivu saa nne asubuhi, na kwamba bila wivu huo asubuhi ilikuwa ndefu. Alimtaka mumewe aje, hata kama ni kuuliza mgeni amekula.

"Huyo haji," wifi alisema bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Atakuja kufanya nini? Hakuna mgeni. Wewe ungekuwa mgeni, wifi, angekuwa ameshafika na sanduku lake."

Alisema kwa utani, kama mawifi wanavyotaniana. Mke wa Fundi alicheka. Kisha akaenda nyumbani, akatia magauni mawili, taulo na viatu vya ndani kwenye mfuko, akavaa kizibao cha kijani, na akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alimjua tangu siku ya harusi yake. Ndiye aliyewahi kukalia miwani ya bibi harusi. Lakini fomu ni fomu. Alifungua daftari.

"Unatoka wapi, shemeji?"

"Kule."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kujitolea."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu."

Mwenyekiti aliandika. Alieleza kwamba kwa utaratibu anayejitolea hawezi kukaa kwake, kwa sababu huko hawezi kupokewa. Akampangia zahanati, kuwaelekeza wagonjwa benchi la kukaa na kukunja bandeji, na malazi mitaa miwili juu, kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye chumba cha uani na masikio mazito. Akamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni na kumbebea mfuko. Katika miaka kumi na tisa hakuna mwanamume aliyewahi kumbebea kitu katika barabara ile.

Kuzoea hakukuwa rahisi. Usingizi haukumjia haraka kwenye godoro la watu. Hakujua pa kuanika taulo, akaona haya kuuliza, akalishika mkononi hadi mwalimu mstaafu alipomwonyesha kamba. Alisalimia watu mara mbili. Zahanati waliongea haraka, wakichekeshana mambo yao ya zamani, naye akacheka akiwa amechelewa. Muuguzi alimfundisha namna ya kukunja bandeji, kazi aliyoifanya nyumbani miaka miwili mama mkwe alipokuwa na kidonda, na yeye akasema ahsante, kumbe hivi. Na watu walikuwa wema. Ndicho kilichomtia simanzi. Wanawake wa mtaa ule, ambao kwa miaka yote walimsalimia kwa kidevu, waliona kizibao wakamletea ndoo ya maji, mkeka, taa. Muuza duka ambaye hakuwahi kumrudishia chenji bila kumnunia alimuuliza kama usingizi ulikuwa mwema. Hakuna aliyejifanya hamjui. Walimjua, na walimpokea, na hawakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Mlango wa chumba chake cha uani ulikuwa umekwama. Aliukuta hivyo na akausukuma kwa bega la kulia bila kufikiri.

Siku ya tatu, saa nne, zamu yake ikiwa haijaanza, Fundi aliingia uani na randa kwapani. Alisimama mlangoni. Alimtazama kuanzia kizibao kushuka chini, akatabasamu tabasamu ambalo mkewe alilifahamu kwa upande, kwa kuwa siku zote lilielekezwa kwingine. Sasa alilipata usoni, lote. Alikuwa mwanamume mzuri. Mkewe alikuwa amesahau.

"Karibu sana mtaani, dada," Fundi alisema. "Umeshazoea?"

"Nazoea."

"Utazoea tu. Watu wa hapa ni wema. Mlango unakusumbua?"

"Unagoma chini."

"Nauona. Huo si wa kusubiri."

Akaung'oa, akaulaza juu ya farasi, akapima kwa penseli ileile, akaanza. Maranda yalianguka yamejikunja, membamba, yakinukia mti. Mke wa Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuhesabu mapito ya randa. Yalikuwa kumi na mbili.

Alipokuwa akipiga msasa Fundi aliinua macho.

"Bega lina nini, dada? Umekaa ukiliegemeza."

"Mlango."

"Huu? Kwa siku tatu?"

"Wa nilikotoka."

Fundi alisitisha mkono. Uso wake ulijaa huruma ya kweli.

"Huko kwenu hakuna fundi?"

"Yupo."

"Fundi gani huyo, anamwacha mtu mpaka anaota sugu?"

"Ni fundi mzuri," mke wa Fundi alisema. "Ana kazi nyingi."

Fundi alitikisa kichwa kwa aibu ya mtu wa fani inayochafuliwa na wenzake. Akamwambia aloweke kitambaa katika maji ya moto yenye chumvi, akiweke begani asubuhi na jioni, na asilitumie bega hilo hata kidogo kwa wiki mbili. Akamfanya arudie maagizo ili awe na hakika ameyashika. Kisha akaurudisha mlango, akaufungua kwa kidole kimoja, akaufunga, akaufungua. Haukutoa sauti yoyote.

Mke wa Fundi aliutazama mlango, akawatazama wawili hao kana kwamba yeye amesimama nje, mumewe na yule mwanamke wa kizibao cha kijani aliyeulizwa kama amezoea. Alimwonea mwanamke yule wivu kuliko alivyowahi kumwonea msichana, kwa sababu huyu alikuwa na umri wake, na ufupi wake, na sugu yake, na bado alipewa. Alitaka kumtoa chumbani kwa nywele. Alijua pia kwamba akisema neno moja, akimwita kama mke anavyomwita mumewe, Fundi angemtambua, angeweka randa chini, angesema kesho, na asingerudi.

"Mkeo hajambo?" aliuliza.

"Hajambo kabisa." Fundi alikuwa akikusanya vifaa. "Mvumilivu sana yule, Mungu ambariki. Ana mlango wake pale nyumbani, nitaupitia."

"Lini?"

"Kesho," Fundi alisema. Akapiga hatua mbili, akarudi, akatazama ukuta mtupu juu ya kitanda. "Hapa panataka rafu. Ziwe mbili, dada, au tatu?"

Mke wa Fundi aliufikiria ukuta kwa muda wake wote, kama mtu ambaye hajawahi kukimbizwa.

"Tatu," alisema.

Jioni, baada ya zahanati kufungwa, alikwenda nyumbani kuchukua shuka, kwa kuwa shuka za mwalimu mstaafu zilikuwa fupi. Wifi alimpungia mkono kutoka kwenye cherehani, akamwita karibu mgeni, na safari hii hakuwa anatania. Nyumba ilikuwa na joto la kufungwa. Mke wa Fundi alifika mbele ya mlango wa chumbani, akainamisha bega la kulia, akakumbuka maagizo. Akageuka upande, akaegemeza la kushoto, akainua kidogo, akasukuma.